Mwenyeheri Niels Stensen, Aliyeuona Mfereji wa Mate

Kabla hamjaanza kusoma habari hizi, wekeni vidole vyenu juu ya mashavu, mbele kidogo ya masikio, kisha umeni meno kwa nguvu. Mtasikia chini ya vidole kitu kinachovimba na kuwa kigumu. Legezeni meno, nacho kitalegea. Huo ndio msuli mkubwa wa kutafuna. Sasa pelekeni ncha ya ulimi kwenye shavu kwa ndani, mkabala wa gego la pili la juu, mkihesabu magego makubwa toka mbele. Pengine mtagusa kinundu kidogo, laini, kama punje. Katikati ya kinundu hicho mna tundu dogo sana, na katika tundu hilo mate hutiririka kila tunapokula.

Tangu zamani watu walikula, walitafuna na kumeza, lakini matabibu wa Ulaya hawakujua mate hayo yaingia kinywani kwa njia gani. Aliyeiona njia hiyo na kuieleza kwa watu alikuwa kijana wa miaka 22, mgeni katika nchi si yake, aliyenunua kichwa cha kondoo ili ajifunze. Jina lake ni Niels Stensen. Wataalamu walioandika kwa Kilatini walimwita Steno. Baadaye kijana huyo akawa Mkatoliki, akawa padri, akawa askofu wa maskini, na leo Kanisa lamwita Mwenyeheri. Sikilizeni basi habari za maisha yake.

Utoto wake

Niels alizaliwa katika mji wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, upande wa kaskazini wa Ulaya. Ilikuwa tarehe 1 Januari 1638 kwa kalenda ya zamani ya nchi ile, maana yake tarehe 11 Januari kwa kalenda yetu. Baba yake alikuwa mfua dhahabu, fundi aliyefanya kazi hata kwa mfalme. Wazazi wake walikuwa Waluteri, watu wenye kumcha Mungu, na katika ukoo wa baba yake walikuwamo wachungaji wa dini hiyo.

Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu alishikwa na ugonjwa uliomweka nyumbani miaka kadhaa. Wenzake walicheza nje. Yeye alikaa ndani pamoja na wakubwa, akiyasikiliza mazungumzo yao. Akiwa bado mtoto mdogo, baba yake akafa. Mama akaolewa tena na mfua dhahabu mwingine. Hivyo Niels alikulia kati ya nyundo ndogo, koleo na mizani, akaona jinsi fundi mwema anavyokitazama kitu kidogo kwa uangalifu mkubwa. Mikono yake ikazoea kazi ya utaratibu. Mungu huandaa watu wake tangu mapema, nao hawajui.

Katika miaka ya 1654 na 1655 tauni iliingia mjini, ikaua watu wengi, hata wanafunzi wengi wa shule yake. Mwaka 1656 Niels aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen ili ajifunze uganga wa kizungu. Mwalimu wake mmoja alikuwa Thomas Bartholin, bingwa wa elimu ya mwili. Lakini mwaka 1658 jeshi la Sweden lilikuja kuuzingira mji. Wanafunzi nao waliitwa kuulinda. Mchana kitabu, usiku ukuta wa mji: ndiyo yaliyokuwa masomo ya Niels.

Kichwa cha kondoo

Baadaye Niels aliondoka kwao kutafuta elimu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1660 alifika Amsterdam, katika Uholanzi, akakaa katika nyumba ya tabibu mmoja aitwaye Gerard Blaes, ambaye alimjua Bartholin. Alikuwa amekaa siku chache tu, akaomba ruhusa ya kupasua kwa mikono yake mwenyewe, maana aliona ya kuwa macho hujifunza upesi kuliko masikio. Akaruhusiwa. Akanunua kichwa cha kondoo.

Tarehe 7 Aprili 1660 alikaa peke yake mbele ya kichwa kile. Nia yake ilikuwa kuutazama ubongo. Lakini kwanza akataka kuichunguza mishipa ya damu inayopita karibu na kinywa, basi akatwaa kijiti chembamba cha chuma, akakitia ndani ya mshipa mmoja wa shavuni na kukisukuma taratibu. Mara akaona ya kuwa kile chuma hakibanwi tena na kuta nyembamba. Kimeingia mahali penye nafasi. Akasukuma kidogo tena, akasikia mlio: chuma kimegonga meno ya kondoo.

Akashangaa. Mshipa wa damu hauendi kinywani! Akamwita Blaes, mwenye nyumba. Blaes akatazama, akasema ya kuwa bila shaka kijana amelazimisha chuma na kujitobolea njia mwenyewe. Tena akasema ya kuwa labda ni ajabu tu ya kondoo yule mmoja, wala si kitu cha kawaida. Mtu mwingine angaliona haya, angaliacha. Niels hakubishana. Baada ya siku chache akatafuta kichwa cha mbwa, akatazama tena mahali palepale, akakiona kitu kilekile. Basi akajua ya kuwa hakukosea: ule ni mfereji, nao hutoka katika tezi kubwa iliyo karibu na sikio, ukaleta mate kinywani.

Jinsi mataya yalivyopangwa

Ndugu zangu, yafaa tuelewe vema Niels aliona nini, kwa maana kila mmoja wetu anacho kitu hicho.

Taya la juu limeungana na mifupa ya kichwa, halitikisiki. Taya la chini ndilo linalotembea. Wekeni kidole mbele ya tundu la sikio, mfumbue kinywa na kukifumba: hapo ndipo kiungo cha taya, kama bawaba ya mlango. Lakini si kama bawaba kabisa, kwa sababu taya huweza pia kwenda mbele kidogo, na huku na huku. Mtazameni mbuzi anavyocheua: taya lake laenda kando kama jiwe la kusagia.

Misuli minne kila upande huliongoza taya. Wa kwanza ni ule mlioushika mwanzo; watoka katika mfupa wa shavu, ukashuka mpaka pembe ya taya. Wa pili umetandazwa ubavuni mwa kichwa, kati ya jicho na sikio na juu yake, kama upepeo uliofunguliwa. Ncha yake hupita chini ya mfupa wa shavu na kulishika taya. Kwa sababu hiyo mtu akitafuna muwa, waweza kuona ubavu wa kichwa chake unacheza. Wa tatu na wa nne wamefichwa ndani ya taya, hatuwezi kuwagusa kwa nje. Watatu kati ya hao wanne kazi yao ni kufunga kinywa na kuuma. Mmoja wa wale waliofichwa hulivuta taya mbele na kusaidia kukifungua.

Sasa ile tezi. Iko chini na mbele ya sikio, imeegemea nyuma ya taya na kuufunika kwa sehemu ule msuli wa kwanza. Kati ya tezi zote za mate ndiyo kubwa. Ziko nyingine mbili chini ya taya, na mbili chini ya ulimi, na tena vitezi vidogo vingi mashavuni na katika kaakaa. Toka tezi ya sikio mfereji hutokea mbele, urefu wake kama sentimita 5, huvuka juu ya msuli wa kutafuna, kisha huzama katika nyama ya shavu na kufunguka pale mlipopagusa kwa ulimi. Mfereji na msuli ni majirani: msuli ukisaga, mfereji humimina.

Kwa siku moja kinywa cha mtu mzima hupata mate yapata lita moja, mara pungufu, mara zaidi. Mate hulainisha chakula kipate kumezeka, huosha meno, tena huanza kukiyeyusha chakula mle kinywani. Jaribuni: tafuneni kipande cha muhogo uliopikwa, msikimeze upesi. Baada ya muda mtaonja utamu ambao haukuwapo mwanzo. Ni kazi ya mate. Mtu akiiona ndimu iliyokatwa, kabla hajaionja husikia kitu kikimbana karibu na sikio, na kinywa kikajaa maji. Ni tezi hiyohiyo. Na wazazi wajue: mtoto akiugua matubwitubwi, akavimba mbele ya masikio na kulia anapotafuna, hiyo tezi ndiyo iliyovimba. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati, asipakwe majivu tu na kuachwa.

Mwaka mmoja, siku ya sikukuu, tulichinja mbuzi hapa misioni. Niliomba kichwa, nikawaonyesha watoto wa darasa langu mataya na misuli yake. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini Mungu aliuficha mfereji mdogo hivyo. Sikuwa na jibu siku ile. Nadhani maisha ya Niels yaweza kumjibu.

Anaitwa mwizi

Mwezi wa Julai mwaka huohuo 1660 Niels alihamia Leiden, mji wenye chuo kikuu mashuhuri cha Uholanzi. Huko aliwaonyesha walimu wake, Franciscus Sylvius na Johannes van Horne, kile alichokiona. Nao wakatafuta, wakakipata. Van Horne akakionyesha mbele ya watu, akakiita mfereji wa Steno, na jina hilo latumika mpaka leo popote pale wanafunzi wa utabibu wanapojifunza habari za uso wa mwanadamu.

Lakini mwaka 1661 Blaes, mwenye nyumba wa Amsterdam, alitoa kitabu, akadai ya kuwa mfereji ule aliuona yeye. Maana yake, kijana Niels ni mwizi na mwongo. Fikirini jambo hilo. Niels alikuwa mgeni, hana cheo, hana mali. Mshtaki wake alikuwa mtu mzima mwenye jina. Katika elimu, mtu akiisha kuitwa mwizi, ni nani atakayesoma maandiko yake tena?

Niels aliandika kujitetea. Alionyesha ya kuwa Blaes ameeleza vibaya mahali mfereji unapoanzia, tena vibaya mahali unapoishia. Aliyeuona kitu kwa macho yake hawezi kukosea mwanzo wake na mwisho wake. Kisha, badala ya kuendelea na maneno, alirudi kazini. Mwaka 1662 alitoa kitabu chake juu ya tezi, na ndani yake hapakuwa na mfereji ule mmoja tu: mlikuwa na tezi nyingine za kinywa, na tezi za jicho, na njia zake, mambo ambayo Blaes hakuwa ameyaota. Bartholin, mwalimu wake wa zamani, alikuwa upande wake. Hivyo ugomvi ulikwisha, na ukweli ukasimama.

Hata hivyo tusifikiri ya kuwa Niels alikuwa mtakatifu tangu ujana. Katika ugomvi ule alikuwa na moyo mkali, na maneno yake yalikuwa na makali pia. Upole alioupata uzeeni, aliupata kwa kuutafuta.

Machozi, moyo na meno ya samaki

Siku zile wengi waliamini ya kuwa machozi ni maji yashukayo kutoka ubongoni. Niels alionyesha ya kuwa yatoka katika tezi ya jicho, nayo kila siku hulilowesha jicho lisikauke, hata kama mtu halii. Tena wengi waliamini ya kuwa moyo ni kama tanuru, makao ya moto wa uhai. Niels alipasua mioyo ya wanyama, akatangaza mwaka 1664 ya kuwa moyo ni msuli, wala si kitu kingine. Watu walishangazwa na neno hilo, lakini ni kweli.

Mwaka 1664 alirudi kwao, mama yake akafa mwaka huohuo, na chuo kikuu hakikumpa nafasi ya kufundisha. Akaenda Ufaransa, na mwaka 1665, mjini Paris, alisema mbele ya wataalamu maneno juu ya ubongo. Alianza kwa kukiri ya kuwa yeye mwenyewe hajui kitu juu ya ubongo, na ya kuwa wale wanaojidai kuujua wote wanajidanganya. Kukiri hivyo mbele ya mabingwa si kazi ya mtu mwoga.

Mwaka 1666 alifika Italia, katika nchi ya Toscana, akapokelewa vizuri na mtawala wake, Ferdinando wa pili, mjini Florence. Mwezi wa Oktoba wavuvi wa Livorno walimvua samaki mkali wa baharini aitwaye papa, mkubwa mno. Kichwa chake kililetwa Florence, Niels akapewa akipasue. Mara nyingine tena akajikuta mbele ya mataya na meno! Akayatazama meno yale, akayafananisha na mawe fulani yaliyookotwa milimani, ambayo watu waliyaita ndimi zilizogeuka mawe. Akaona ni sawasawa. Basi akafahamu ya kuwa mawe yale ni meno ya papa wa zamani, na ya kuwa nchi ile ilikuwa chini ya maji hapo kale. Matope yalitua tabaka juu ya tabaka, yakawa mwamba, na tabaka la chini ndilo lililotangulia. Mwaka 1669 aliyaandika hayo vizuri. Hata leo wataalamu wanaotafuta madini hapa Kongo wanaposoma matabaka ya ardhi, hufuata kanuni ile.

Mwaka 1667 alitoa kitabu juu ya misuli, na habari za yule papa zikawekwa humo. Katika kitabu hicho alieleza, kwa hesabu na vipimo, ya kuwa msuli ukifanya kazi hufupika na kunenepa, lakini haukui wala hauongezewi kitu. Ndivyo mlivyosikia shavuni mwenu mlipouma meno.

Njia ya imani

Sasa tumefika penye jambo kubwa.

Mwaka 1666, siku ya sikukuu ya Mwili wa Kristu, Niels alikuwa Livorno. Akaona maandamano: Ekaristia Takatifu yapitishwa njiani, watu wamepiga magoti, maua yametupwa chini. Yeye, Mluteri, alisimama akitazama. Neno moja likamchoma moyoni. Ama kile ni kipande cha mkate tu, na watu wote hawa ni wajinga. Ama kweli ni Mwili wa Bwana Yezu, na kama ni hivyo, kwa nini yeye hampigii magoti? Hakupata raha tena.

Katika Florence alikwenda mara nyingi kwenye duka la dawa la nyumba moja ya watawa. Mtawa aliyetoa dawa, Sista Maria Flavia, alipojua ya kuwa bwana huyu mpole si Mkatoliki, alianza kumwambia kwa unyofu asali na kumwomba Mungu amwonyeshe ukweli. Sista hakuwa na elimu kubwa ya vitabu. Mama mmoja wa Lucca, Lavinia Arnolfini, mke wa balozi, naye alimhimiza na kumwombea. Tazameni: bingwa aliyewashinda maprofesa wa Uholanzi alifundishwa na wanawake wawili.

Lakini Niels hakukubali upesi kwa kuwapendeza. Alifanya kama alivyofanya kwa kichwa cha kondoo. Alisoma Maandiko Matakatifu katika Kiebrania na Kigiriki, akayatafuta maandiko ya zamani ya mababa wa Kanisa, akalinganisha, akarudia. Alijua vema atakachopoteza. Katika Denmark ya siku zile Mkatoliki hakuwa na nafasi. Rafiki zake na ndugu zake wangemwona msaliti, na cheo alichokitamani kwao kingepotea.

Tarehe 2 Novemba 1667, siku ya kuwakumbuka Marehemu wote, mashaka yalimtoka. Siku chache baadaye, mwezi huohuo, alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Alikuwa na umri wa miaka 29. Wakati uleule wito wa mfalme wa Denmark ulikuwa njiani ukimtaka arudi kwao kwa mshahara mzuri. Ulichelewa: moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua. Mwaka 1672 alirudi Copenhagen kweli, kama mtaalamu wa mwili aliyewekwa na mfalme, lakini kwa sababu ya dini yake hakupewa kiti cha ualimu katika chuo kikuu, wala hakuonekana kama mtu wa nyumbani. Mwaka 1674 akaondoka tena.

Padri na askofu wa maskini

Wakati wa Pasaka ya mwaka 1675 Niels alipewa upadri mjini Florence. Mwaka 1677 Baba Mtakatifu Inosenti wa 11 alimweka kuwa askofu, amtume kwa Wakatoliki wachache waliotawanyika kaskazini mwa Ulaya. Alikwenda Roma kwa miguu, kama mhujaji. Aliyempa uaskofu tarehe 19 Septemba 1677 alikuwa Gregorio Barbarigo, ambaye leo ni Mtakatifu.

Kwanza alikaa Hannover, katika Ujerumani, kisha toka mwaka 1680 alikuwa askofu msaidizi wa Münster. Huko alitembelea parokia vijijini, akafundisha katekisimu, akatoa Kipaimara, akawahimiza mapadri waishi kama wanavyohubiri. Mwaka 1683 askofu wa mahali alipofariki, uchaguzi wa mwingine ulifanywa kwa fedha. Niels aliombwa asome Misa kwa ajili ya uchaguzi ule. Akakataa, akauacha mji. Yule aliyekataa uwongo mdogo juu ya mfereji mdogo, hakukubali uwongo mkubwa juu ya altare.

Akaenda Hamburg. Huko Wakatoliki walikuwa wachache, tena waligombana wao kwa wao, na watu wengine walimdhihaki njiani. Alivaa nguo kuukuu, akafunga sana, akala mkate na kinywaji kidogo. Pete yake ya uaskofu na msalaba wake aliviuza, fedha akawapa maskini. Mwana wa mfua dhahabu hakubakiwa na dhahabu.

Mwisho, mwaka 1685, alikwenda Schwerin, mji wenye Wakatoliki wachache mno. Huko hakuwa kama askofu tena, bali kama padri wa kawaida wa misioni. Tumbo lilimvimba, maumivu yakawa makali. Hapakuwa na padri mwingine karibu. Aliitwa mmoja toka mji mwingine, lakini hakuwahi kufika. Niels, aliyewapa wengi sakramenti za mwisho, alikufa bila kuzipata, akisali na kumtumaini Mungu. Ilikuwa tarehe 25 Novemba 1686 kwa kalenda ya mahali pale, tarehe 5 Desemba kwa kalenda yetu. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Mwili wake ulipelekwa Florence, ukazikwa katika kanisa la Mtakatifu Laurenti. Tarehe 23 Oktoba 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa 2 alimtangaza Mwenyeheri.

Tujifunze nini?

Wapenzi wakatekumeni, nanyi mko njiani. Wako kati yenu wanaodharauliwa nyumbani kwa sababu ya safari hii. Wako waliopoteza urafiki, au waliokatazwa urithi. Someni tena habari za Niels. Hakuacha kumpenda mama wala nchi yake. Bali aliupenda ukweli zaidi, na ukweli ulimgharimu.

Tena jueni hili: kuuchunguza mwili wa mwanadamu, au jiwe, au samaki, si kumwacha Mungu. Niels aliutazama uumbaji kwa macho makini, na macho yaleyale yakamwongoza kwa Muumba. Asiyetaka kutazama ndiye asiyeona.

Na yule mtoto aliyeniuliza kwa nini mfereji umefichwa, leo ningemjibu hivi: mambo mema ya Mungu mara nyingi ni madogo, nayo yako karibu nasi sana, hata ndani ya shavu letu. Yamngoja mtu mwenye subira ayatafute. Ndivyo ilivyo neema.

Leo jioni, mtakapoketi kula, tafuneni polepole, mkumbuke tezi na mfereji na misuli inayowahudumia bila kudai ujira. Kisha semeni asante kwa Mungu kabla ya chakula na baada yake.

Maulizo kwa darasa

1. Niels alifanya nini Blaes aliposema ya kuwa amekosea?
2. Mfereji wa mate ya tezi ya sikio huanzia wapi, nao hufunguka wapi?
3. Ni jambo gani lililomchoma moyo Niels siku ya sikukuu ya Mwili wa Kristu?
4. Kwa nini alikataa kusoma Misa kwa ajili ya uchaguzi mjini Münster?
5. Wewe mwenyewe, ukijua ya kuwa ukweli utakupotezea kitu unachokipenda, utafanyaje?